Mwalimu wa Amri na Punda wa Jirani

Mtu akimkaribisha Mwalimu nyumbani kwake kwa mara ya kwanza, Mwalimu hakuketi. Aliuliza ngazi iko wapi, akapanda darini, pale juu ambapo watu wa Amu, yaani Lamu, huanika nguo na kupunga upepo, akauzunguka ukingo wote akiusukuma kwa kiganja kama daktari anayebonyeza tumbo la mgonjwa. Akiridhika, alishuka na kuomba chai. Asiporidhika, alishuka na kumwomba mwenye nyumba wazungumze faragha.

"Torati inasema ukijenga nyumba uweke ukingo juu yake, mtu asianguke ukabeba damu yake," alikuwa akieleza, huku akijifuta chokaa kwenye suruali. "Mungu aliyesema hivyo aliujua mtaa wetu wa Mkomani kabla haujajengwa."

Jirani yetu Bi Rukia, mjane mwenye nyumba ya ghorofa mbili na ulimi wa ghorofa tatu, alipatikana na kosa.

"Bi Rukia, ukingo wako wa upande wa msikiti unatikisika."

"Unatikisika tangu zama za marehemu mume wangu, Mwalimu. Na yeye hakuanguka. Alikufa kitandani."

"Basi Mungu mwenyewe ndiye aliyekuwa ukingo. Usimchoshe."

Bi Rukia alimwita fundi wiki hiyohiyo. Alisema ni afadhali kununua chokaa kuliko kumsikia mtu yule tena.

Sisi tulimwita Mwalimu wa Amri. Alikuja kutoka bara kufundisha hesabu katika shule ya serikali, akastaafu, na wenzake walipofunga masanduku kurudi kwao yeye akabaki, akisema hajamaliza. Alichokuwa hajamaliza ni darasa la ubatizo la kanisa letu dogo. Kila Jumamosi asubuhi sisi watoto wa polisi, wauguzi na wenye maduka kutoka bara tuliketi pale kukariri Amri Kumi, na nje punda walilia kwa nguvu kana kwamba nao wanajiandaa kubatizwa.

Majirani Waislamu walimwita Mwalimu wa Taurati, na ukweli ni kwamba walimheshimu kuliko tulivyomheshimu sisi. Kwao mtu anayemtaja Nabii Musa kutwa hawezi kuwa mbaya sana. Kwetu alikuwa mtu anayekukuta sokoni na kukuuliza, mbele ya muuza nyanya, kama kweli ulikuwa mgonjwa Jumapili.

Hakuwa na sura ya mtu wa sheria. Mtu wa sheria mimi nilimfikiria mwembamba, mwenye miwani na midomo iliyobanwa. Yeye alikuwa mnene, shati lake limetoka nje kwa nyuma daima, na alipocheka, mabega yalitangulia. Mdomo ulifuata baadaye, kama mtu aliyechelewa kuambiwa habari. Alipenda halua. Alipenda kuimba, na hakujua. Alipotembea kwenye vichochoro vyetu vyembamba, alijibana ukutani kuwapisha wote, wakiwemo kuku.

Darasani hatukuwa wapole. Rafiki yangu Barasa, ambaye kazi yake duniani ilikuwa kuuliza, alisimama siku moja akasema, "Mwalimu, kama Yesu alikamilisha yote msalabani, mbona sisi bado tunakariri?"

"Karo yako nani amelipa?"

"Baba."

"Amelipa yote?"

"Yote."

"Mbona basi bado unakuja shule?"

Barasa akakaa. Halafu akasimama tena. "Lakini Mwalimu, si tumeokolewa kwa neema?"

"Kabisa. Ulikuwa unazama, neema ikakutoa majini. Umeshukuru, umekauka. Sasa nani atakufundisha kuogelea? Au unataka kutolewa majini kila siku mpaka Mungu apate maumivu ya mgongo?"

Torati aliigawa mafungu matatu: sheria za jikoni, sheria za madhabahu, na sheria za jirani. Za jikoni, zinazokataza vyakula kama nguruwe na kaa, zilikuwa za watu wale na wakati wao. Za madhabahu zilitimizwa na Kristo. Za jirani, alisema, hazijapita. "Hazijapita kwa sababu jirani hajapita. Tazameni dirishani, yule pale." Tukatazama. Kweli Bi Rukia alikuwa darini kwake, ameshika kanga iliyolowa mkononi, anatusikiliza bila aibu.

Tatizo ni kwamba mafungu hayo yalikuwa imara zaidi ubaoni kuliko mezani. Mama yangu alimwalika chakula, akampikia kaa wa nazi, chungu kizima, magamba yamegeuka mekundu kama machweo. Mwalimu aliomba, akafungua macho, akakiona kile kilichomo chunguni, na nikaona Musa akimpanda usoni.

"Si umewafundisha watoto kwamba sheria za jikoni zimekwisha?" Mama akamuuliza.

"Zimekwisha kabisa, dada yangu. Petro alishushiwa shuka kutoka mbinguni, limejaa wanyama wa kila namna, akaambiwa ale."

"Basi kula."

"Petro alishushiwa. Mimi bado natazama juu."

Akachukua wali na mchuzi, kaa akamsogeza kwa kijiko mpaka kwenye sahani yangu.

"Na mchuzi je?" Mama hakuwa mtu wa kuachia. "Kaa ameogelea humo."

"Mchuzi hauna miguu," alisema, akaongeza wali.

Sikumwona akijidai mwema. Hilo ndilo lililonishangaza nilipokua na kukutana na watu wengine wa sheria. Asubuhi moja pale gatini, mpagazi alimwangushia mzigo mguuni, na Mwalimu akamtukana tusi ambalo sisi hatukujua kwamba analijua. Alifika karibu na ngome, akageuka, akarudi njia yote akichechemea, akamwomba yule mpagazi msamaha mbele ya abiria wa boti nzima. Darasani akatusimulia mwenyewe, pamoja na tusi, ila tusi alilipunguza.

"Kuvunja amri ni udhaifu," alituambia. "Kuifuta ni kiburi. Mimi ni mdhaifu sana, namshukuru Mungu."

Amri iliyomshinda kuliko zote ilikuwa ya kumi. Huko bara walikotoka wazazi wetu, mtu akisoma kwamba usitamani mali ya jirani, akafika kwenye neno punda, hupita upesi, kama mtu anayepita kando ya jengo la makumbusho. Amu neno hilo linakukanyaga mguu. Punda ndiye gari, ndiye lori, ndiye mkokoteni. Punda anabeba mawe ya kujengea, mchanga, saruji, maji, jokofu la bibi harusi. Na ukoo mzima wa punda wa Amu, naamini, haukuwahi kuzaa kiumbe kama Sultani, punda mweupe wa Bwana Shee.

Bwana Shee alikuwa mchukuzi wa vifaa vya ujenzi, aliishi kichochoro kimoja na Mwalimu. Sultani wake alikuwa mrefu, masikio yamesimama, mwendo wa taratibu kama mzee wa mahari anayejua hakuna harusi bila yeye. Mwalimu alipomwona, alisimama. Hakuweza kujizuia. Alisimama na kikapu cha samaki mkononi mpaka paka wakaja.

Kila Jumamosi tulipofika amri ya kumi, alifumba macho na kusema, "Hapa mniombee." Tuliomba huku tumebana vicheko.

Alijaribu dawa. Alinunua punda wake mwenyewe, wa kahawia, mfupi, mwenye tabia ya kuketi katikati ya kichochoro watu wanapotoka sala ya Ijumaa. Watu wa Amu husema asiye na punda ni punda yeye mwenyewe, kwa hiyo tulidhani sasa amekuwa mtu kamili na amepona. Baada ya wiki chache akaja darasani na uso wa msiba.

"Nilidhani nataka punda," alisema. "Kumbe nataka punda wa Shee. Mnaona? Mungu hakukataza kutaka punda. Aliingia ndani zaidi, mahali ambapo soko halifiki."

Barasa alicheka mpaka akatolewa nje.

Bwana Shee naye hakuwa kipofu. Pwani yetu tamaa si jambo la moyoni tu. Ina jicho, na jicho hupiga. Akamsimamisha Mwalimu mchana kweupe.

"Mwalimu, wamwangaliani punda wangu kwa mato hayo?"

"Nasifu kazi ya Mungu, Bwana Shee."

"Basi sema mashallah."

"Bwana asifiwe."

Bwana Shee alifikiri sana, akamtazama punda, akamtazama Mkristo. "Siyui kama hiyo yazuia," alisema. Siku ya pili Sultani alivaa hirizi shingoni, imeshonwa kwa kitambaa cheusi, na kichochoro kizima kilijua ni kwa ajili ya nani.

Halafu Sultani akavimba mguu. Bwana Shee alikuja mlangoni kwa Mwalimu akapaza sauti mpaka Bi Rukia akapanda darini asikose neno.

"Jicho lako limemshukia! Mguu wa mbee umevimba kama boga!"

Mtu mwingine angekana. Mwalimu aliinamisha kichwa. "Inawezekana," alisema.

Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Mtaa wote ulikuwa umesikia Mkristo akikiri jicho. Wazee wa kanisa walimfuata nyumbani, wakamwambia kwa ukali kwamba sisi hatuamini mambo ya jicho. "Hata mimi siamini jicho," aliwajibu. "Naamini tamaa. Sijui inafika umbali gani."

Mguu ulipona, lakini Bwana Shee hakumsalimu tena. Mwalimu akampeleka yule punda wake wa kahawia kwa mkulima wa nyuma ya mji, na tangu siku hiyo akaacha kupita kichochoroni kwao. Alizunguka kwa nyuma, kwenye mashamba, njia ndefu ya jua kali, ili tu asimwone Sultani. Alichelewa kila mahali. Alifika ibadani wimbo wa pili umekwisha, shati limelowa, amejaa mbigili kwenye soksi, ameishika amri ya kumi kwa miguu yake kwa kuwa macho yalimshinda.

Mambo yalikuwa hivyo alipokuja pasta mpya. Alikuwa kijana, suti ya buluu katika joto la Amu, sauti nzuri, na moyo mzuri pia. Lazima niseme hivyo. Alihubiri neema mpaka mabati yakaitikia. Jumapili yake ya tatu au ya nne alishuka kutoka mimbarini, akasimama katikati yetu, akafungua mikono.

"Ndugu zangu! Sheria hizi walipewa watu wa kale! Watu wa kulala juu ya nyumba! Watu wa punda! Nawauliza, nani hapa, siku hizi zetu, ana shida na punda?"

Nje, kwa wakati wake kabisa, punda akalia, mlio mrefu wenye kupanda na kushuka. Vichwa vyote viligeuka kuelekea benchi moja. Na Mwalimu wa Amri, ambaye hakuwahi kuacha swali la darasani bila jibu, akainua mkono polepole.

Tulicheka mpaka wengine wakatoka nje. Pasta hakucheka. Hakuwa amekaa Amu muda wa kutosha kujua kwamba ameuliza swali la kweli. Alidhani ameandaliwa dhihaka. Siku chache baadaye tukasikia anataka darasa la Jumamosi lifungwe, muda wake upewe mazoezi ya nyimbo za sifa. Wazazi wengine waliunga mkono, kwa sababu watoto walirudi nyumbani na maswali. Baba yake Barasa, kwa mfano, aliulizwa kwa nini humwambia mwenye nyumba anayekuja kudai kodi kwamba hayupo, na yeye ndiye anayesema.

Baraza la wazee wa kanisa liliitishwa Jumamosi. Mwalimu angepewa nafasi ya kujitetea. Sote tulijua maana yake: mtu yule hakuwa na mke kisiwani, wala shamba, wala boti. Alikuwa na darasa. Mama alimpigia pasi shati, na kwa mara ya kwanza tuliona limeingizwa suruali pande zote.

Kilichotokea njiani nilikisikia baadaye kwa Bwana Shee mwenyewe, ambaye amekisimulia barazani mara nyingi, kila mara kwa chumvi mpya.

Mwalimu alitoka mapema, akazunguka kwa nyuma kama kawaida yake. Kule mashambani, kwenye njia ya kwenda Shela, alimkuta Sultani peke yake, kamba inaburuta, anakula mihogo ya watu. Bwana Shee alikuwa amemtafuta tangu jana yake mpaka sauti imemkauka. Na Mwalimu alijua, kwa sababu alikuwa ametufundisha, kwamba Torati inataja jambo hilohilo: ukimkuta punda wa mtu anayekuchukia amepotea, mrudishe.

Akaishika kamba. Lakini kumrudisha punda ni lazima umwongoze, na kumwongoza lazima umtazame, na kumtazama ndiko alikokukimbia miezi yote ile. Kwa hiyo alimwongoza uso ameugeuzia upande wa pili. Wakaingia kwenye mtaro. Wakatoka. Sultani akagoma. Mwalimu akambembeleza huku anautazama mnazi. Wakaingia kwenye kambi ya wachoma chokaa, wakatoka wamejaa chokaa wote wawili. Jua lilikuwa utosini walipofika mlangoni kwa Bwana Shee, na Mwalimu alisimama ameukabili ukuta, kamba ameinyosha nyuma yake.

"Umempata wapi?" Bwana Shee aliuliza.

"Mashambani."

"Na mbona waangalia ukuta?"

"Sitaki kumtazama. Mguu ule mwingine usije ukavimba."

Bwana Shee alimshika Mwalimu mabega, akamgeuza. "Mwangalie," alimwambia. "Mimi mwenyewe nimekupa ruhusa. Mwangalie yeo mpaka ushibe."

Mwalimu akamtazama. Akamtazama masikio, akamtazama shingo, akamtazama mgongo ulionyooka kama kizingiti. Machozi yalimtoka, yakachora mistari kwenye chokaa ya mashavu.

"Mashallah," alisema.

Alipofika kanisani, wazee walikuwa wanatoka. Walikuwa wamemngoja, wakaimba wimbo mmoja wa kupoteza muda, wakapiga kura. Darasa lilikuwa limefungwa. Pasta alisema, bila ubaya, kwamba mtu asiyefika kuitetea sheria amekwisha kuwajibu.

Sisi vijana tulikuwa tumekaa kivulini nje. Barasa alilia kwa hasira. "Mwalimu, ungemfunga kwenye mnazi! Ungemrudisha baada ya mkutano!"

Mwalimu alilitazama shati lake, lile lililopigwa pasi.

"Torati haikusema baada ya mkutano," alisema, akaenda nyumbani. Alipita njia fupi, ya kichochoroni.

Nilimwona mara ya mwisho nilipokuja kuwasalimia wazazi, baada ya miaka kadhaa ya Nairobi. Nilimkuta ameketi kwenye baraza ya jiwe nje ya nyumba yake, amepungua, shingo imekuwa ndogo ndani ya kola. Tangu darasa lifungwe hakufundisha mtu. Aliniuliza Nairobi wanaishije na jirani usiyemjua jina, na kabla sijajibu Pasta akatokea kwenye kona. Suti ilikuwa imekwisha zamani. Alivaa shati la mikono mifupi na ndara, na uso wa mtu aliyezunguka mtaa mara mbili kabla ya kuthubutu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Pasta. Karibu kivulini."

Hakuketi. "Maikrofoni ya kanisa imeondoka."

"Pole. Imeondoka yenyewe?"

"Imechukuliwa. Na aliyeichukua namjua, mpiga ngoma wetu. Nimemwita, nimemwambia huu ni wizi. Unajua amenijibu nini?"

"Sijui."

"Amesema, 'Pasta, si ulitufundisha hatuko chini ya sheria?'"

Mabega ya Mwalimu yakaanza. Niliyaona. Aliyakaza, akakohoa, akayashinda, na hiyo huenda ndiyo amri ngumu kuliko zote alizowahi kuishika.

"Nimekuja kukuomba," Pasta aliendelea, akiitazama ndara yake. "Uje Jumamosi uwafundishe vijana. Hata ile ya nane tu."

"Ya nane tu?"

"Kwa kuanzia."

"Pasta, mimi siuzi rejareja. Ni kumi au hakuna."

Pasta alishusha pumzi. "Haya, kumi. Ila uanze na ya nane."

"Nitaanza mwanzo. Na mwanzoni hakuna amri." Mwalimu alisogea mbele, na nikaona ule unene wa zamani ukimrudia usoni. "Kabla ya kumwamuru mtu kitu, Mungu alijitambulisha: mimi ndiye niliyekutoa utumwani. Kwanza ametoa, halafu ndipo akasema usiibe. Kijana wako anahitaji kuambiwa kwamba ametolewa kabla hajaulizwa habari za maikrofoni."

"Hiyo ni neema," Pasta alisema, polepole.

"Ndiyo. Na uliihubiri vizuri, nilikuwa nakusikiliza. Ila ndege imekushusha uwanjani Manda, ng'ambo ya maji, Pasta, ukafungua mizigo, ukadhani umefika Amu. Kulikuwa bado na boti."

Pasta alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyekanyaga maji baridi. "Basi utakuja?"

"Siwezi kuwafundisha vijana jambo ambalo pasta wao halijui kwa moyo. Keti."

Nikasogea. Pasta wa kanisa letu akaketi juu ya jiwe, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, kama tulivyokuwa tukiketi.

"Sema: Mimi ndiye niliyekutoa utumwani."

Pasta akasema, kwa kunong'ona, kwa sababu kina mama wawili wenye mabuibui walikuwa wanapita na vikapu vyao, na walikuwa wameanza kupunguza mwendo.

"Sauti, Pasta," Mwalimu alimwambia. "Maikrofoni hatuna."